Vidole Viwili Chini ya Alama ya Tatu

Agosti 11

Shangazi Steinvor amenipa daftari hili asubuhi ya leo, pamoja na kikombe cha kahawa ambayo naapa ilipikwa jana. "Kila siku andika gari limefanya nini na wewe umefanya nini," akaniambia. "Na usiyachanganye hayo mawili."

Basi naanza. Jina langu ni Oddgeir, umri miaka arobaini na saba. Nimeendesha mabasi Reykjavik miaka kumi na tisa bila kugonga hata kioo cha mtu. Miaka tisa iliyopita baba yake mke wangu Alda alifariki, tukahamia hapa bondeni kulitunza shamba lake la Selhagi. Tangu siku hiyo nimepoteza jina. Mimi ni "mume wa Alda". Hata barua za chama cha wafugaji huja hivyo.

Steinvor ni dada wa marehemu mkwe wangu. Ana miaka sabini na mmoja na kwa vuli thelathini na nne ameendesha gari la chakula. Kila Septemba watu wa bonde hupanda milimani kwa farasi na kwa miguu, karibu wiki nzima, kuwateremsha kondoo waliokuwa wakijilisha huko tangu Juni. Gari hutangulia kwa njia yake likiwa na chakula, nguo kavu, mitungi ya gesi na majani ya farasi. Lisipofika, watu hulala na njaa na nguo zao zikiwa zinachuruzika maji. Sasa nyonga ya Shangazi imekwisha na atapasuliwa Septemba mosi.

Mdogo wake, Bergthor, ndiye kiongozi wa msafara. Huku wanamwita mfalme wa mlima na hawatanii. Yeye anataka kukodi gari la watalii kutoka mjini, lile la kujibadilishia gia lenyewe, pamoja na dereva wake. Shangazi amemwambia, "Nipe wiki tatu na mume wa Alda." Nikifaulu, gari la chakula ni langu. Nikishindwa litauzwa, nami nitaitwa mume wa Alda mpaka nizikwe. Sijamwambia mtu kwamba jambo hili linaniuma kiasi hiki.

Agosti 12

Somo la kwanza. Nilikwenda nikitabasamu kama mtu anayekwenda kufundishwa kula.

Gari ni la dizeli, kuukuu kuliko ndoa yangu, la kijani kilichopauka. Lina magongo mawili ya gia: refu la kawaida, na fupi la pembeni. Ukilivuta lile fupi, magurudumu yote manne huzunguka polepole kwa nguvu kubwa. Shangazi alinipeleka juu ya genge nyuma ya zizi lake, mteremko wa changarawe ambao mimi nisingemteremsha hata mbuzi.

"Gongo fupi, gia ya kwanza, miguu yote miwili sakafuni," akasema. "Halafu usifanye kitu."

"Breki je?"

"Nimesema usifanye kitu. Ni kazi ngumu, najua."

Tukaanza kushuka. Injini ikanguruma, gari likawa linatambaa kama mzee anayeshuka ngazi. Katikati pua ikainama ghafla, na mguu wangu wa kushoto, ambao umekanyaga klachi mara milioni katika mitaa ya mji, ukakanyaga bila kuniuliza. Injini ikaachia magurudumu. Gari likachomoka kama limesukumwa.

"Toa mguu," akasema Shangazi, kwa sauti ile ile anayoagizia maziwa.

Nikatoa. Injini ikashika, vichwa vyetu vikapiga mbele, tukarudi kutambaa. Tulipofika chini akashuka, akachechemea mpaka zizini, akarudi na kamba ya plastiki, ile ya kufungia marobota ya nyasi. Akaufunga mguu wangu wa kushoto kwenye chuma cha kiti.

"Tunapanda tena," akasema.

Tulishuka genge lile mara kumi na moja. Mwanamume mwenye leseni ya basi, kafungwa mguu kama ndama. Alda alicheka mpaka akakaa chini.

Agosti 13

Mvua. Kukata nyasi hakuna, somo hakuna. Mguu unauma pale penye kamba.

Agosti 15

Leo ilikuwa kupanda. Shangazi alinipa mlima ambao alijua gari halitaumaliza kwa gia aliyonichagulia. Alitaka linizimikie, na likanizimikia, katikati, huku pua ikiangalia mawingu.

Nilisikia changarawe ikiporomoka nyuma yetu.

"Sasa mwenzangu wa mjini anafanya nini?" akauliza.

"Anasali."

"Asali baadaye. Limezimika likiwa na gia. Gia ndiyo iliyolishika. Ukiikanyaga klachi kwa woga umelifungua, litarudi kinyumenyume, litakata kona lenyewe, na tutaviringika mpaka kwenye viazi vyangu. Breki kwanza, kanyaga kweli kweli. Sasa klachi. Weka rivasi. Toa klachi yote. Sasa achia breki taratibu."

Nikaachia. Gari halikwenda popote.

"Washa."

"Likiwa na gia?"

"Washa, Oddgeir."

Nilishtuka alivyonitaja jina. Nikazungusha ufunguo, injini ikakohoa ikashika, na gari likaanza kurudi nyuma lenyewe, taratibu, limenyooka, miguu yangu sakafuni. Sikugusa chochote ila usukani. Tulifika chini nikiwa nimelowa jasho, na yeye alikuwa ametoa kipande cha sukari mfukoni anakinyonya.

Nimeendesha miaka kumi na tisa nikiamini kwamba dereva ni mtu anayefanya mambo mengi haraka. Huyu mama anaendesha kwa kutofanya. Sijui niseme nini zaidi.

Agosti 16

Nyasi zimekauka. Marobota mia mbili na kumi.

Agosti 17

Marobota. Mgongo.

Agosti 20

Njia ya mawe ya volkano kuelekea Klif. Shangazi alitoa upepo kwenye tairi mpaka zikawa laini kama mkate mbichi, kisha akashuka na fimbo yake akaanza kutembea mbele ya gari. Kwa nyonga ile. Na bado alikuwa ananiacha.

Kila mara nilipokwepa jiwe kubwa ili lipite katikati ya magurudumu alisimama, akageuka, akanitazama.

"Unalificha wapi jiwe hilo?"

"Lipite chini."

"Chini kuna nini?"

Nikafikiri. "Difu. Ekseli. Tangi la mafuta."

"Na kwenye tairi kuna nini?"

"Upepo."

"Basi mpe jiwe upepo. Likanyage, liinue gari, tumbo lipite juu. Usilirukie. Lipande kama paka anavyopanda kitanda cha mgonjwa."

Mita mia tatu zilituchukua dakika arobaini. Hakuna chuma hata kimoja kilichogusa jiwe. Mwishoni aliegemea boneti, uso mweupe kwa maumivu, akatoa mkate bapa wenye nyama ya kondoo ya moshi, akakata kipande kikubwa zaidi akanipa mimi. Hakusema kitu juu ya uendeshaji wangu. Nimeanza kuelewa kwamba kutosema kwake ndiko kusifu.

Agosti 22

Bergthor alipita shambani akiwa juu ya farasi, hakushuka. "Mkwe wetu wa basi ameshajifunza kutambaa?" akauliza. Alda akamjibu kwamba angalau mimi hushuka nikisalimia watu. Yule mzee ana mabega ya mlango na sauti ambayo hata mbwa wa jirani huitii. Akisema twende, watu wanakwenda. Nimemwona akisimamisha ugomvi wa wanaume wanne kwa kukohoa tu.

Agosti 25

Leo nimeona aibu, nami nitaiandika yote.

Mto Leira hutoka kwenye barafu ya mlimani. Maji yake yana rangi ya saruji, huoni chini hata yakiwa ya kifundo cha mguu. Jana tulifika hapo mchana, Shangazi akaniingiza majini kwa miguu, nimevaa suruali ya mpira, kamba kiunoni, fimbo mkononi. Fimbo yake ina alama tatu zilizokatwa kwa kisu: ya kwanza goti lake, ya pili paja, ya tatu kiuno. Alinifundisha kutafuta mahali palipo pana na penye viwimbi, maana pale palipotulia kama kioo ndipo penye shimo. Alinifundisha kuingia ukielekea upande maji yanakokwenda, gia nzito, mwendo mmoja, usibadilishe gia wala kugusa klachi mpaka utoke ng'ambo. Jana nilivuka vizuri. Tukalala kwenye kibanda cha Tunga, ng'ambo. Usiku ule sikupata usingizi kwa furaha.

Asubuhi tukarudi. Alama za tairi zetu za jana zilikuwa bado kwenye mchanga, zimeingia majini, safi kabisa. Nikazifuata. Sikushuka kupima. Shangazi alinyamaza, akakunja tu mikono.

Hatua tano ndani, gurudumu la kushoto mbele likazama. Maji yakapanda boneti. Nilikuwa na akili kiasi cha kutogusa klachi, gari likajivuta, likainuka, likazama tena, likajivuta, na tukatokea ng'ambo tukiwa na maji sakafuni na mkoba wa Shangazi unaelea kati ya miguu yangu.

Alisubiri mpaka nikazima injini.

"Mto ule wa jana," akasema, "umeshafika baharini."

"Niliona alama zetu."

"Alama zilikuwa kwenye mchanga. Mtoni hakuna alama ya mtu. Jana usiku ulisogeza kitanda chake, kama unavyofanya kila usiku. Watu wa hapa wote wamefanya kosa hili, na wote walilifanya safari ya pili. Ya kwanza unaogopa, unapima. Ya pili unajiona mwenyeji."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenisikia tu."

Nilitamani kumkasirikia. Badala yake nimetumia jioni nzima kukausha mkoba wake juu ya jiko, na picha za wajukuu wake moja moja. Wiki mbili zilizopita nilikuwa nikimwita kobe mbele ya Alda. Nimemwomba Alda asahau.

Septemba 1

Tumempeleka hospitali. Mlangoni alinikabidhi fimbo, akamwambia muuguzi, "Usimruhusu huyu aondoke nayo akisahau kunishukuru." Nikamshukuru.

Bergthor amekubali, kwa shingo upande. "Safari moja," amesema. "Tuone."

Septemba 7

Tumeondoka. Waendao kukusanya kondoo ni kumi na wawili, Alda akiwamo na farasi wake mwekundu. Ndani ya gari ni mimi na Gudfinna mpishi, ambaye kila mtu humwita Finna. Amekaa kiti hicho pembeni ya Shangazi vuli ishirini. Alipopanda alinusa. "Harufu ya mwanamume," akasema. "Tutazoea."

Septemba 8

Klif bila kugusa jiwe. Finna alisinzia njia nzima, na alipoamka akaniuliza kama tayari tumeondoka. Nilifurahi kupita kiasi. Supu ya kondoo, viazi, watu wakaimba.

Septemba 9

Baridi, jua. Kondoo mia nane hivi wameshakusanyika. Bergthor amekula bakuli tatu na hajanisema.

Septemba 10

Upepo wa kusini umeanza. Joto la ajabu. Finna anautazama mlima wa barafu na kunung'unika.

Septemba 11

Mvua tangu alfajiri, ya joto, inayolazwa na upepo. Mvua ya namna hii huiyeyusha barafu, na kila anayeishi hapa anajua mto unafanyaje jioni yake. Wapanda farasi walikuwa juu kabisa na walivuka Leira asubuhi mahali pake pa mbali, maji yakiwa bado madogo, ili washukie kibanda cha Tunga jioni. Sisi tulipaswa kuwapokea hapo kwa kuvuka kivukoni.

Tulifika ukingoni saa kumi na moja jioni. Mto ulikuwa na upana mara mbili ya ule niliouona Agosti. Nikavaa suruali ya mpira, nikafunga kamba, Finna akashika upande wa pili akaizungusha kwenye chuma cha gari. Nikaingia.

Nilipima sehemu nne. Mahali pazuri kuliko pote, panapana, penye viwimbi, fimbo ilizama mpaka vidole viwili chini ya alama ya tatu. Shangazi alikuwa ameniambia alama ya kwanza nenda, ya pili fikiri, ya tatu pika kahawa. Hakuniambia chochote juu ya vidole viwili.

Nilisimama pale nikiwa nimeuegemea mkondo, na nikahisi kitu kimenigonga kifundo. Kisha kingine. Mawe. Nikakaza masikio nikayasikia, mlio mzito chini ya maji, kama viazi vinavyomiminwa kwenye sanduku. Kitanda chote cha mto kilikuwa kinatembea. Pale niliposimama ningeweza kuvuka wakati ule, labda. Lakini dakika kumi baadaye pasingekuwa mahali pale.

Nikatoka. Finna hakuuliza. Redio ikaita.

"Mmefika?" Ni Bergthor.

"Tumefika ukingoni. Maji makubwa. Sivuki leo."

Redio ikakwaruza. Kisha, "Rudia."

"Sivuki leo, mzee. Kina kinakaribia kiuno na mawe yanatembea. Nitapima tena alfajiri."

"Sikiliza wewe. Nina watu kumi na wawili hapa wamelowa mpaka mifupani. Kibanda hakina gesi. Farasi hawana majani. Steinvor angekuwa ameshafika, ameshapika, anatukemea tuvue viatu. Vuka."

"Hapana."

"Mkeo anatetemeka hapa mbele yangu."

Sitaandika nilichotaka kumwambia. Alikuwa anasema kweli, ndilo lililonikera. Nguo kavu za Alda zilikuwa nyuma ya kiti changu, nimezikunja mwenyewe. Niliutazama mto na nikajua kwamba nikivuka nikafika, mimi ni dereva wa bonde hili kwa maisha yangu yote. Nikajua pia kwamba nisipovuka yamekwisha. Nilitaka kuvuka. Naliandika waziwazi, nilitaka sana.

"Mlimani neno ni lako," nikamwambia. "Majini naomba liwe langu. Sivuki."

Ikasikika kugombania redio, kisha sauti ya Alda, meno yakigongana. "Oddgeir. Umeingia mwenyewe majini?"

"Nimeingia."

"Basi kalale. Tutakumbatiana na mbwa." Akazima.

Sijalala. Finna alipika kahawa akanipa, akasema, "Kunywa, usinitazame hivyo, sijasema kitu." Mvua imekoma saa nne usiku. Nyota zimetoka, na baridi. Sijawahi kuifurahia baridi namna hii, huku nikiilaani kwa ajili ya wale walioko kule.

Septemba 12

Kulipoanza kupambazuka niliingia majini. Baridi ya usiku ilikuwa imefunga barafu huko juu. Maji yaliishia kidogo juu ya alama ya kwanza ya fimbo, na mawe yalikuwa yamelala. Mahali nilipopima jana palikuwa kisiwa cha changarawe, na pembeni yake shimo lisilofikiwa na fimbo.

Gongo fupi, gia ya pili, dirisha wazi, mkanda nimefungua. Tulikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea na mtoto. Maji yaligawanyika mbele ya boneti na kufuatana nasi mpaka ng'ambo. Miguu sakafuni. Finna alikuwa ameishika sufuria kama mtoto mchanga.

Alda alitoka nje ya kibanda kwa soksi. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Alikuja dirishani akapachika mikono yake yote miwili shingoni mwangu ili aipashe moto, na baridi ile naisikia hadi sasa. Hakuna aliyeugua. Farasi mmoja amekataa kula hadi mchana. Bergthor alipokea bakuli lake kwa Finna, akala akiwa amenipa mgongo.

Septemba 13

Tumeshuka na kondoo elfu mbili na kitu. Hakuna anayezungumza nami isipokuwa Alda, Finna na mbwa.

Septemba 15

Siku ya kutenganisha kondoo. Bonde lote lilikuwa kwenye zizi la mviringo, kila mtu akiwashika kondoo wake kwa pembe na kuwakokota kwenye chumba chake. Shangazi alikuja na mwanawe, kwa magongo, ameruhusiwa kutoka hospitali kwa sharti la kutotembea. Alikuwa anatembea.

Bergthor alikuwa amekaa ukutani katikati ya watu, chupa inazunguka. Aliponiona akapaza sauti.

"Huyu hapa. Dada yangu, ulitufunza mtu mwangalifu sana. Alituacha tulale na njaa kwa sababu ya maji ya kuogea."

Watu wakacheka. Nami nilisimama na kondoo mapajani, sina pa kumweka. Shangazi hakucheka. Alinijia polepole, magongo yakizama kwenye matope.

"Fimbo ilisema nini?"

"Vidole viwili chini ya alama ya tatu. Na mawe yalikuwa yanatembea."

"Uliyasikia au yalikugonga?"

"Yote mawili."

Akayakaza magongo matopeni. Kisha akageuka, akasema kwa sauti ambayo hata walioko upande wa pili wa zizi waliisikia.

"Mimi ningevuka."

Bergthor akapiga goti lake. "Mmesikia wenyewe."

"Ningevuka kwa sababu ungeniita, Bergthor. Nimekuwa nikisikia ukiita tangu ulipokuwa na miaka sita, na kila ukiita naja. Mara mbili gari lilielea. Unasikia? Tairi ziliachana na ardhi, tukawa tunaondoka na maji. Finna alifungua mlango wake, maji yakajaa ndani, gari likawa zito, ndipo tairi zikashika. Tulipofika ulisema supu imechelewa."

Hakuna aliyecheka tena. Bergthor alimtazama Finna.

"Ni kweli?"

"Ni kweli," akasema Finna. "Lakini tulikubaliana tusiseme."

"Nimemfundisha huyu kila kitu ninachojua," akaendelea Shangazi. "Kukwambia hapana sikumfundisha. Mimi mwenyewe siwezi. Miaka thelathini na minne sijaweza, na nilikuwa nampeleka Finna kifoni kwa sababu niliona aibu mbele ya mdogo wangu."

Sikuwahi kumwona hivyo, wala sikujua kwamba mtu anaweza kujivua namna hiyo mbele ya bonde zima na kubaki amesimama wima. Nilikuwa namheshimu kwa mikono yake na miguu yake. Leo namheshimu kwa jambo zito zaidi, nami sitaki kulitafutia neno.

Bergthor aliteremka ukutani. Akamtwaa yule kondoo mapajani mwangu, akaangalia alama ya sikio, akamkokota mwenyewe mpaka kwenye chumba cha Selhagi. Kisha akaenda zake.

Septemba 20

Hakuna habari ya gari la watalii. Hakuna habari yoyote. Nimebadilisha mafuta ya difu, yalikuwa yameingia maji kidogo.

Septemba 28

Shangazi ametupa gongo moja. Anataka la pili litupwe Jumatatu.

Oktoba 3

Msafara wa pili, wa kutafuta kondoo waliobaki. Watu wachache: Bergthor na wapanda farasi watatu, Finna na mimi. Hakuna aliyeniambia kama ninatakiwa. Nilikuta tu jana mitungi ya gesi imewekwa mlangoni kwangu, nikapakia.

Tulifika Leira saa tatu asubuhi, wote pamoja ukingo mmoja. Theluji nyepesi, kingo zimeshika barafu, katikati maji ya kijivu. Wapanda farasi walisimama wakamtazama Bergthor, kama wanavyofanya siku zote. Yeye alikaa juu ya farasi wake akiutazama mto kwa muda mrefu, hatamu imelegea mkononi. Kisha akageuza kichwa.

"Dereva," akasema.

Nilichelewa kuitika. Sikudhani ni mimi.

"Yakoje?"

"Sijui bado. Nivae niingie."

Nikavaa, nikaingia, nikapima. Kulikuwa na kipande kikubwa cha barafu kimekwama juu kidogo, kinasukumwa na maji, na sikupenda namna kilivyokuwa kinatikisika. Nikarudi ukingoni.

"Yanavukika, lakini kile kipande kipite kwanza," nikamwambia. "Huenda ikachukua saa nzima."

Mmoja wa wapanda farasi aliguna. Bergthor hakumtazama. Akatoa mguu mmoja kwenye kikuku, akashuka kwenye farasi, akaenda kukaa kwenye jiwe, akamwomba Finna kahawa.